Leseni kwa Jina la Kaka

Utepe ulikuwa mwekundu, umelala juu ya kioo cha kompyuta kutoka pembe moja hadi nyingine, na maneno yake hayakuwa na hata chembe ya haya: Bidhaa hii haijaamilishwa. Vitufe vyote vya juu vilikuwa vimepauka rangi ya majivu. Katibu alibonyeza cha kwanza, akabonyeza cha pili, cha tatu akakigandamiza kana kwamba tatizo ni la kidole. Kompyuta ilimkodolea macho tu.

"Bwana Mpimaji," aliita bila kugeuza shingo, "hii mashine yako imetugomea."

"Yangu tangu lini? Ikifanya kazi ni yako, ikigoma ni yangu!" ilijibu sauti kutoka chumba cha pili.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na harufu ya tina ya kuzimulia rangi ilipanda ngazi kila asubuhi kabla ya mteja yeyote. Chumba cha mbele alikaa Katibu na kompyuta, printa na kabati la ramani. Cha nyuma alikaa Bwana Mpimaji, mpima ardhi mwenye ndevu za mvi na viatu visivyokosa vumbi, mtu aliyeweza kusema kwa jicho tu kwamba ukuta umepinda, lakini barua pepe hakuituma bila kuita mtu. Katibu alikuwa ameitwa Katibu muda mrefu kiasi kwamba hata mama yake mzazi alimwita hivyo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea.

Kazi ile ilianzishwa na watu wawili, Bwana Mpimaji na kaka wa Katibu. Kaka alifariki mwaka uliopita, ghafla, moyo ulisimama akiwa kwenye kiwanja cha mteja, jua la mchana, fimbo ya kupimia mkononi. Katibu ndiye aliyekimbizana na jeneza, maturubai na viti vya kukodi. Mambo yalipokwisha alirudi ofisini akaendelea kuchapa. Sina nafasi ya kulia, aliwaambia watu, na watu wakaacha kumuuliza.

Na siku hiyo ndiyo kabisa hakuwa na nafasi. Kulikuwa na shule ya msingi iliyogombana na mwenye ghala la jirani juu ya kipande cha ardhi chembamba, ambacho shule ilijengea vyoo vya watoto na tangi la maji. Baraza la ardhi lingekaa kesho yake asubuhi. Ripoti ya vipimo ilitakiwa ifike kwa karani wa baraza leo kabla ya kufunga ofisi, na ilikuwa tayari kasoro jambo moja: usiku Bwana Mpimaji, kitandani, alikumbuka kwamba kipimo cha jiwe la tatu la mpaka kiliandikwa kinyume, tarakimu mbili zimepishana. Kosa dogo, lakini kwa hesabu hiyo jiwe lilikuwa katikati ya ghala la watu.

"Rekebisha kwa kalamu," Bwana Mpimaji alisema, amesimama nyuma ya kiti chake.

"Karani wa baraza unamjua. Akiona mkwaruzo wa kalamu anarudisha makaratasi yote. Faili linafunguka, naliona, ila haliguswi. Soma, lakini usiguse."

"Kwa nini lisiguswe na ni letu?"

Ndilo swali ambalo Katibu mwenyewe alitaka kumwuliza mtu. Wiki iliyopita umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ikaungua ubao wa ndani, fundi akabadilisha ubao. Tangu hapo mashine iliwaka vizuri, ila programu za ofisi, ile ya kuandikia na ile ya majedwali, zilijiona ziko ugenini. Kwa siku chache zilinung'unika kwa vijimaneno pembeni, naye akavifunga kila vilipojitokeza kama anavyofukuza nzi. Leo zilikuwa zimechoka kunung'unika.

Alianza na yale anayoyajua. Alizima, akawasha. Alichomoa waya wa mtandao, akaupuliza, akauchomeka tena. Aliona saa ya kompyuta inasema mwaka ambao yeye bado alikuwa anasoma shule, akairekebisha, na kwa dakika nzima akawa na matumaini, kwa kuwa alishasikia kwamba tarehe ikipotoka leseni nayo inapotoka. Akafungua tena programu. Utepe ule pale.

Alibonyeza palipoandikwa Pata Msaada. Kikafunguka kijisanduku, na ndani yake msaidizi asiye mtu akamsalimu kwa furaha.

Katibu aliandika: Leseni yangu imelipiwa lakini inasema haijaamilishwa.

Msaidizi akajibu: Nasikitika kusikia hivyo! Tafadhali hakikisha leseni yako imelipiwa.

Aliandika: Nimesema imelipiwa.

Msaidizi akajibu: Vizuri sana! Je, tatizo lako limetatuliwa?

"Pumbavu," Katibu alisema kwa sauti, na Bwana Mpimaji, aliyedhani ameambiwa yeye, alirudi chumbani kwake kimyakimya.

Basi ikabidi aitwe fundi. Fundi wa kompyuta alikuwa kijana mwenye mkoba wa ngozi na msemo mmoja kwa kila ugonjwa: hiyo ndogo sana. Alifika, akakaa kwenye kiti cha Katibu, akatazama utepe, akasema, "Hiyo ndogo sana, dada. Leseni iliandikishwa kwa ubao wa zamani. Mashine hii kwake ni mgeni."

"Sasa mjulishe kwamba si mgeni."

"Ndiyo nataka kufanya."

Katibu alitoka kununua karatasi za printa, hakukawia hata kidogo, lakini aliporudi alikuta kompyuta inalia kama king'ora. Fundi alikuwa amechomeka flashi yake na kuipa mashine kile alichokiita dawa, yaani programu ya wizi inayojifanya leseni. Kinga ya virusi ikaishtukia, ikaifuta, na katika kuifuta ikafagia na mabaki ya leseni ya halali. Sasa utepe ulikuwa na maneno mapya: Leseni hii si halali.

"Umefanya nini?" Katibu aliuliza polepole. Wanaomjua walijua kwamba akiuliza polepole ni bora apandishe sauti.

"Ilikuwa njia ya mkato tu…"

"Tulikuwa wapangaji waliosahau ufunguo. Sasa umetufanya wezi! Chukua flashi yako. Toa kila ulichotia humu, futa programu yote, weka upya ile ya halali. Na usinyanyuke hapo mpaka nikuone na aibu."

Fundi hakubisha. Alifuta, akaweka upya. Kazi hiyo ilikula asubuhi yao yote, mstari wa kijani ukijikokota kwenye kioo kama konokono aliyeshiba. Ukifika karibu na mwisho unasimama, unapumzika, unasogea unywele mmoja. Katibu alisimama nyuma yake amekunja mikono. Bwana Mpimaji alipendekeza wanunue leseni nyingine yaishe. Muuzaji alipopigiwa alisema agizo lingechukua hadi keshokutwa. Katibu akakimbiza faili kwenye flashi hadi stesheneri ya ng'ambo ya barabara. Kule lilifunguka, lakini katika programu ya aina nyingine: majedwali yalitawanyika ukurasa mzima, na kila alama ya nyuzi za pembe ikageuka kijisanduku kitupu. Nani angepeleka barazani mpaka uliojaa visanduku?

Aliporudi, programu ilikuwa imekaa tayari, inaomba akaunti ya mwenye leseni.

Mwenye leseni alikuwa kaka.

Hilo Katibu alilijua siku zote na hakutaka kulifikiria. Kaka alikuwa mtu wa kufanya kila kitu mwenyewe. Umeme, maji, mtandao, vikoa vya tovuti, leseni, vyote kwa jina lake na simu yake. Ukimwambia agawe, anakujibu, mimi nipo. Baada ya msiba walihamisha umeme, wakahamisha maji, wakahamisha benki kwa mbinde. Hii ya programu hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi.

Nenosiri Katibu alikuwa ameshaliotea, lilikuwa jina la utani la mama yao. Aliliandika. Kompyuta ikalikubali, kisha ikasema kwamba kwa kuwa mashine ni ngeni, msimbo wa uthibitisho umetumwa kwenye simu, na ikaonyesha tarakimu za mwisho za namba ambayo Katibu aliijua kuliko yake.

Alimpigia wifi yake, mjane wa kaka.

"Wifi, ile laini ya kaka unayo?"

"Laini?" Sauti ya wifi ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. "Laini ilikufa, wifi. Sikuiwekea vocha. Kila nikiiwasha simu inaingiza meseji za watu, nikawa siwezi. Nikaiacha. Nasikia kampuni huzichukua na kuziuza tena."

"Sasa mbona hukusema? Mbona hamsemi vitu? Mtu anaacha laini ya ofisi inakufa hivihivi?"

"Ilikuwa ya mume wangu," wifi alisema, "sikujua kama ilikuwa ya ofisi." Akakata.

Katibu alibaki na simu mkononi, amejiudhi na ameudhi. Akajiambia atamwomba radhi baadaye, kama alivyojiambia mambo mengi mwaka ule. Kisha, kabla moyo haujarudi nyuma, akapiga ile namba ya kaka.

Iliita. Ikapokewa. "Haloo," ilisema sauti ya mwanamume, na ingawa haikufanana kabisa na ya kaka, aliitazama simu kwanza.

"Samahani sana, kaka yangu. Kuna meseji imeingia kwenye simu yako sasa hivi, ina namba. Naomba unisomee hizo namba."

Upande wa pili ulicheka.

"Dada, leo mmewahi."

"Tumewahi nini?"

"Utapeli wenu. Nikusomee namba, halafu nikute akaunti yangu imefagiliwa? Tafuta mjinga mwingine."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena alikuta amefungiwa. Bwana Mpimaji akajitolea kupiga kwa simu yake, akaanza kwa kusema, "Wewe bwana, sikiliza vizuri," na Katibu alijua hapohapo kwamba hilo nalo limekwenda mrama. Mwishowe, kwa simu hiyohiyo ya bosi, akaandika meseji: Namba hii ilikuwa ya kaka yangu. Amefariki. Leseni ya kompyuta yetu bado iko kwake. Mimi si tapeli.

Jibu lilirudi upesi: Pole. Matapeli nao hufiwa.

Fundi wa kompyuta alilisoma juu ya bega lake, kicheko kikamponyoka, akakimeza. Katibu alikuwa anatafuta kitu cha kurusha, simu ilipolia yenyewe.

"Huyo kaka yako alikuwa anafanya kazi gani?" Ilikuwa sauti ileile, sasa bila kicheko.

"Mpima ardhi."

"Ohoo! Sasa nimeelewa. Tangu ninunue laini hii napigiwa: injinia, jiwe letu limeng'olewa, injinia, jirani kavuka mpaka. Nikiwaambia mimi fundi makochi hawaniamini." Alivuta pumzi. "Sikia, dada. Sauti siwezi kuiamini, mdogo wangu aliliwa hivyohivyo. Njoo nikuone. Nikikuona, nitakusomea."

Katibu aliangalia saa ya ukutani. Mchana ulikuwa umeshainama.

"Unakaa wapi?"

Palikuwa mbali. Kabla hajatoka alimkalisha Bwana Mpimaji mbele ya kompyuta, kwa kuwa fundi wa kompyuta alishaondoka mbio kuitikia mgonjwa mwingine, na akamwelekeza kama anavyoelekezwa mtu anayeachiwa mtoto mchanga. "Nikikupigia, bonyeza hapa, Tuma Msimbo. Nitakutajia namba. Unaziandika hapa. Unabonyeza Thibitisha. Usibonyeze kingine chochote, nakuomba."

"Nimepima milima mimi," Bwana Mpimaji alisema.

"Milima haina kitufe cha Ghairi."

Karakana ya fundi makochi ilikuwa kibanda kirefu nyuma ya soko la mbao. Makochi yaliyovuliwa nguo yalisimama mstari mmoja, mbavu za mbao nje, springi zimetumbua macho. Vipande vya sponji vilipangwa hadi darini, na hewa ilikuwa nzito kwa gundi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye pini za chuma midomoni. Alimtazama Katibu tangu viatu hadi kilemba, akatema pini kiganjani.

"Unafanana na tapeli aliyechoka sana," alisema.

"Nimechoka, ndiyo. Hilo lingine hapana."

Katibu akampa kitambulisho, akampa na picha iliyokuwa katika simu, yeye na kaka mbele ya ofisi siku walipotundika kibao. Fundi alitazama picha muda, akarudisha simu kwa mikono miwili. "Haya. Mwambie huyo mwenzako atume."

Katibu alipiga. Upande wa pili kibodi ilisikika ikigongwa kama mlango. Simu ya fundi ikatetemeka, fundi akasoma tarakimu, Katibu akazitaja moja moja.

"Taja tena ya pili," Bwana Mpimaji alisema.

"Sufuri."

"Sufuri kama sufuri au kama herufi?"

"Ni namba! Zote ni namba!"

"Nimeandika. Inasema si sahihi."

"Umeandika herufi."

"Inafanana!"

Wakaanza upya. Mara ya pili Bwana Mpimaji aliandika vizuri kabisa, kwa kidole kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayechora ramani, na alipomaliza msimbo ulikuwa umeisha muda wake. Mara ya tatu sauti ya bosi ikaja ndogo, kama inatoka chini ya meza.

"Katibu. Ile Ghairi iko karibu sana na Thibitisha."

Na aliporudi kuomba msimbo mwingine, kompyuta ikamjibu kwamba amejaribu mara nyingi mno, asubiri kwanza.

"Tusubiri nini?" Katibu aliuliza. "Tusubiri mpaka lini?"

"Haijasema. Imesema baadaye."

Katibu alikata simu. Akatafuta pa kukaa, na palipokuwa karibu palikuwa kochi lisilo na sponji, akakaa hivyohivyo juu ya springi.

"Mimi nipo, mimi nipo!" alisema ghafla, kwa sauti iliyomfanya hata fundi arudi nyuma. "Kila kitu mimi nipo! Ukimwambia andika mahali, mimi nipo. Ukimwambia nifundishe, mimi nipo. Uko wapi sasa? Mashine inakuulizia. Baraza linakuulizia. Mkeo nimemgombeza bure leo kwa ajili yako. Ungegawa hata kimoja! Hata nenosiri nililiotea mwenyewe! Uko wapi?"

Aliposikia alichokisema alifunika mdomo, lakini kilikuwa kimechelewa kufunikwa. Machozi yaliyokataa kutoka siku ya jeneza na siku ya maturubai yalitoka pale, kati ya mifupa ya makochi ya watu, mbele ya mtu asiyemjua. Alilia kwa hasira. Alilia mpaka springi zikawa zinalia naye, nyii, nyii, kila alipotikisika.

Fundi makochi hakumwambia anyamaze. Alimsogezea kitambaa safi, kipande cha mto wa mteja, akarudi kwenye kazi yake akawa anapiga pini kwa utaratibu ili mwenzake asijione anasikilizwa. Baada ya muda alisema, bila kuinua kichwa, "Wanamsema vizuri, kaka yako. Hao wanaonipigia. Kuna mama mmoja aliniambia, injinia, ukuta umesimama, ahsante. Nikamweleza kwamba siye. Akasema basi mpelekee. Mimi ningempelekea nani?"

Katibu alifuta uso. "Ukuta wa nani?"

"Sikuuliza. Nilikuwa na kochi la harusi linanisubiri."

Ikawa kama kicheko kimemtoka Katibu, au kikohozi. Hapo simu ikaita, na aliyekuwa upande wa pili hakuwa bosi, alikuwa fundi wa kompyuta. Alirudi mwenyewe, bila kuitwa.

"Dada, nimekuja kuangalia mmefika wapi. Dhamira ilikuwa inanisuta. Mzee nimempa chai, yuko mbali na kibodi. Sasa imekubali kutuma. Tayari?"

Fundi makochi akasoma. Katibu akataja. Kibodi ikasikika mara moja, haraka, kama mvua ya kupita.

"Utepe umeondoka," fundi wa kompyuta alisema.

Katibu hakushangilia. Alisema tu "ahsante" kwa simu na "ahsante" kwa mtu aliye mbele yake, akatoka mbio, kilemba kimelegea, kiatu kimoja kimenasa pamba ya makochi.

Ofisini alikuta vitufe vimerudiwa na rangi. Juu kabisa pembeni, ndani ya duara dogo, palikuwa na herufi mbili za jina la kaka. Alizitazama mara moja tu, akashuka hadi jiwe la tatu, akapindua zile tarakimu mbili. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kupiga chafya. Printa ikachapa, Bwana Mpimaji akatia sahihi na muhuri, wakashuka ngazi wote wawili na bahasha.

Karani wa baraza walimkuta anafunga kufuli la ofisi yake.

"Mwisho ulikuwa kabla ya kufunga," alisema.

"Hujafunga bado," Katibu alisema.

Karani akageuza ufunguo, akauchomoa, akautia mfukoni. "Nimefunga."

Bwana Mpimaji alivimba mpaka ndevu zikasimama. Katibu alimshika mkono. Hakuwa na nguvu za ugomvi mwingine, na alijua akianza leo hatamaliza leo. Walirudi bila kusemezana. Njiani alimpigia wifi yake akamwomba radhi, na wifi akasema yamekwisha, kisha wakakaa kwenye simu muda mrefu bila kusema lolote la maana.

Asubuhi walikuwa wa kwanza mlangoni. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa pale, na wazazi kadhaa. Mwenyekiti wa baraza aliwakaripia mbele ya watu kwa kuchelewesha ripoti, akauliza sababu, na Bwana Mpimaji akasema, "Leseni, mheshimiwa," na ukumbi mzima ukadhani hana leseni ya kupima ardhi, ikabidi Katibu asimame kueleza. Mwishowe ripoti ikapokelewa. Mwenyekiti aliifungua, akaipekua, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha karani akasimama kusema kwamba wakili wa mwenye ghala ameomba udhuru, anaumwa jino.

Kesi ikaahirishwa hadi mwezi ujao.

Bwana Mpimaji alitoka nje akakaa kwenye ngazi za baraza. "Jino," alisema. "Nimebonyeza Ghairi kwa ajili ya jino."

"Vyoo vya watoto viko palepale," Katibu alisema, "na jiwe la tatu liko mahali pake. Twende kazini."

Mchana, ofisi ilipotulia, alifungua ile akaunti ili aingize namba yake mwenyewe, jambo kama lile lisimpate tena. Jina aliliacha kama lilivyokuwa. Namba tu. Aliandika yake, akabonyeza Hifadhi, na kioo kikamjibu kwa adabu zote kwamba kwa usalama wa mteja, msimbo wa uthibitisho umetumwa kwenye namba ya zamani.

Katibu aliegemea kiti, akatazama dari kitambo. Kisha akachukua simu.

"Fundi," alisema, "ni mimi tena."

"Najua ni wewe, imeingia sasa hivi," fundi makochi alijibu, na nyuma yake nyundo ilisikika ikisimama. "Una kalamu? Nasoma polepole. Na huyo mzee wako asiguse kitu."

Alizisoma, akazirudia bila kuombwa. Zilipokubaliwa, hakukata. "Na hao watu wa kaka yako wakipiga tena, niwaambieje?"

Chini, kwenye duka la rangi, mtu alikuwa anatikisa mkebe.

"Wape namba yangu," alisema. "Na yule mama wa ukuta, akipiga, mwambie nataka kujua ni ukuta gani."